Mgeni Njoo, Mwamba Nao Upone

Matini ya mazungumzo kuhusu utalii wa baharini na mazingira, yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Kaunti ya Kwale



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Pwani ya Kusini imeishi kwa methali hiyo miaka mingi. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Ukunda, dereva wa tuktuk anapata, muuza madafu anapata, mvuvi wa Shimoni anauza kamba wake, na ada ya mtoto inalipwa. Hakuna mkazi wa Kwale anayehitaji kufundishwa faida ya mgeni.

Lakini mwenyeji wa mgeni si mtu peke yake. Mwamba wa matumbawe ni mwenyeji. Pomboo ni mwenyeji. Msitu wa mikoko na msitu wa Kaya ni wenyeji pia. Swali la leo ni hili: mgeni akija, je, wenyeji hao nao wanapona?

Swali lina uzito kwa sababu wapo wageni wengi siku hizi wasiotaka kulala kando ya bwawa la hoteli kutwa nzima. Wanataka kuzamia, kupiga kasia katikati ya mikoko, kuendesha baiskeli vijijini, kutembea msituni na kupaa juu ya mawimbi kwa tiara. Huo ndio utalii wa kujasiri. Mgeni wa aina hii hupenda mahali ambapo hapajaharibiwa, na hapo ndipo penye mtihani. Utalii huu unauza kitu ambacho wenyewe unaweza kukimaliza. Hoteli ikichafua bwawa lake hubadilisha maji. Boti ikivunja tumbawe, hakuna duka linalouza jingine.

Ili mtihani huo uonekane vizuri, inafaa kumfuata mgeni mmoja kwa siku moja, tangu anapopanda boti kwenye gati ya Shimoni hadi anaporudi jioni.

Asubuhi: kuwatafuta pomboo

Boti inang'oa nanga saa tatu asubuhi kuelekea Kisite. Mgeni amelipa, na katika picha aliyoonyeshwa ufuoni palikuwa na pomboo wakiruka. Anamwambia nahodha kwamba leo lazima awaone. Nahodha naye anajua kwamba mgeni asiporidhika hakuna bakshishi, na huenda akaandika mtandaoni kwamba safari haikufaa kitu.

Pomboo wanapotokea, boti ya kwanza inakwenda mbio. Ya pili inaifuata. Ya tatu inakata mbele ili abiria wake wapate picha. Hakuna nahodha mwenye nia mbaya hapo. Kila mmoja anatafuta riziki, lakini wote pamoja wamewazingira wanyama waliokuwa wakipumzika, wakila au wakinyonyesha. Watafiti waliofuatilia pomboo wa Kisite na Mpunguti wameonyesha kwamba boti za watalii hubadilisha mwenendo wao. Pomboo jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa akimlea. Kundi la namna hiyo likisumbuliwa kila siku ya msimu, hasara yake haionekani leo. Huonekana baada ya miaka, siku ambayo boti zitazunguka asubuhi nzima bila kuona pezi hata moja.

Njia njema inajulikana. Nahodha apunguze mwendo akiwa bado mbali. Aende sambamba na pomboo, asiwakate mbele wala asiwafukuze kwa nyuma. Boti zikiwa nyingi, zilizochelewa zisubiri zamu yake kwa mbali. Mgeni asirukie majini kuwafuata. Pomboo wakiondoka, waachwe waende.

Ugumu uko kwenye kuitii njia hiyo. Nahodha mmoja akiitii peke yake, mteja wake ataona boti ya jirani imesogea karibu zaidi, na kesho atapanda ya jirani. Wakiitii wote, hakuna anayepoteza. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Linahitaji makubaliano ya vyama vya waendesha boti wenyewe, yenye adhabu waliyoikubali wenyewe, na bei ya chini ambayo hakuna atakayeshuka zaidi yake. Boti inayouza safari kwa bei ya kutupa hulazimika kujaza abiria na kuharakisha, na haraka hiyo hulipwa na bahari. Wauzaji wa safari ufuoni nao wana sehemu yao: wauze safari ya bahari, wasiuze ahadi ya pomboo.

Saa nne: nanga na miguu

Boti imefika mwambani. Hifadhi ya Bahari ya Kisite ina ukubwa wa kilomita 28 za mraba, na eneo la akiba la Mpunguti lililo kando yake lina kilomita 11 za mraba. Ndani ya Kisite hakuna kuvua. Mpunguti uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa.

Sasa nahodha atatia nanga wapi? Akiitupa popote, inaweza kuangukia matumbawe. Tumbawe lile gumu la mviringo, linalofanana na jabali, hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Lenye kimo cha mita 1 lina umri wa karibu karne nzima. Lilikuwapo hapo kabla Kenya haijapandisha bendera yake mwaka 1963. Nanga ya chuma hulivunja kwa muda wa kupiga chafya.

Dawa ya nanga ni boya lililofungwa chini kwa uthabiti, ili boti ijifunge kwake bila kutupa chuma mwambani. Lakini boya lina changamoto yake. Kamba huliwa na chumvi na jua, minyororo hupata kutu, na mawimbi ya kusi hayana huruma. Kuweka boya ni kazi ya siku moja. Kulitunza ni kazi ya kila mwezi, na lisipotengewa fedha za ukaguzi litabaki kuwa pambo, au hatari kwa boti iliyoliamini. Mradi wowote wa maboya uulizwe kwanza swali hilo: nani atayakagua, na kwa fedha gani?

Baada ya nanga ni miguu. Wageni wengi wanaovaa miwani ya kuzamia hawajui kuogelea vizuri. Mtu akimeza maji hushtuka, na akishtuka husimama. Kitu pekee kilicho chini ya miguu yake ni tumbawe. Hapa usalama wa mgeni na usalama wa mwamba ni jambo moja. Mgeni aliyevaa jaketi la kuokoa maisha huelea, hahitaji kusimama. Dakika kumi za mafunzo botini, na mazoezi mafupi penye mchanga kabla ya kufika mwambani, huokoa mtu na tumbawe kwa pamoja.

Yapo mengine madogo yanayozoeleka hadi yakaonekana si kosa. Mkate hutupwa majini ili samaki wakusanyike, na samaki huzoea chakula kisicho chao. Huko Diani maji yakipwa, kiti cha pweza huinuliwa juu ya maji na kupitishwa mkono kwa mkono kwa ajili ya picha, ilhali mnyama huyo huvuta hewa akiwa majini. Kombe na simbi hutiwa mfukoni kama kumbukumbu. Mgeni mmoja akichukua moja, hakuna anayeona. Ufuo mzima wa wageni ukifanya hivyo kila msimu, kila mtu ataona.

Hata mafuta ya kujikinga na jua yamo katika hesabu hii. Jimbo la Hawaii nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia uuzaji wa mafuta yenye kemikali mbili zinazohofiwa kudhuru matumbawe, na sheria hiyo ikaanza kutumika mwaka 2021. Kwale haihitaji kungoja kemia ya bei ghali. Shati la mikono mirefu humkinga mgeni vizuri zaidi, na leso mabegani ni biashara ya mama aliye gatini.

Mchana: chakula, chupa na maji

Adhuhuri mgeni yuko Kisiwa cha Wasini. Anakaribishwa kaa, samaki wa kuchoma, wali wa nazi na mwani wa kukaanga. Hapa mazingira yamo ndani ya sahani. Wageni wakiongezeka, mahitaji ya kaa na kamba yanaongezeka, na mnunuzi mwenye haraka hukubali hata wadogo na wenye mayai. Kaa jike mwenye mayai akiliwa leo, wameliwa na wa kesho. Mwenye hoteli akikataa kumnunua, mvuvi hatakuwa na sababu ya kumleta.

Kisha kuna chupa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe na mirija, haziruhusiwi katika hifadhi za taifa, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Sheria ipo. Lakini Wasini haina mto, wala kisima cha kutegemewa cha maji matamu. Kwa miaka mingi watu wake wametegemea maji ya mvua yaliyokingwa kwenye matangi na maji yaliyovushwa kwa boti. Kumwambia mgeni aache chupa ya plastiki ni rahisi. Kumpa maji salama ya kujaza chupa yake mwenyewe ndiyo kazi, na maji hayo yasitoke kwenye tangi la familia ya kisiwani.

Jambo hilo linafunza kitu kikubwa. Mara nyingi utunzaji wa mazingira hushindwa si kwa sababu watu hawajali, bali kwa sababu kilichokatazwa hakikupewa mbadala. Tangi kubwa la kukinga mvua, mtambo wa kuchuja maji na choo kinachofaa gatini vinaweza kupunguza uchafu kuliko mabango kumi ya onyo.

Alasiri: fedha zinaishia wapi?

Kabla ya kurudi, mgeni anatembea kwenye daraja la mbao la akina mama wa Wasini, juu ya mawe ya matumbawe ya kale na katikati ya mikoko. Ada ndogo anayolipa inabaki kisiwani. Hilo si jambo dogo, kwa sababu swali gumu kuliko yote katika utalii huu ni la fedha.

Hifadhi ilipotengwa miaka ya 1970, wavuvi walipoteza sehemu ya bahari waliyoizoea. Ada ya kuingia hifadhini huenda kwa serikali ya kitaifa kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Malipo ya safari yanaweza kubaki kwa wakala wa mjini au wa ng'ambo. Ikiwa mzee aliyeambiwa asivue hapa haoni chochote kikifika kijijini kwake, ataona uhifadhi kama ukuta uliojengwa kumzuia yeye. Ulinzi wa bahari dhidi ya watu wa bahari haujawahi kudumu.

Kwale yenyewe ina mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Mradi wa Mikoko Pamoja, wa Gazi na Makongeni, umekuwa ukilinda hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013. Jamii huuza hati za kaboni zinazotokana na hewa ukaa ambayo mikoko huihifadhi, na mapato yamekwenda kwenye maji ya kijiji na mahitaji ya shule. Mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017, na baadaye watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyo. Somo lake kwa utalii ni wazi: mti uliosimama ukileta maji bombani, kila mwanakijiji anakuwa mlinzi wake.

Yasiyo mikononi mwa Kwale

Kuna changamoto moja ambayo haifai kufichwa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa. Joto limerudi mara kadhaa tangu hapo. Halikuletwa na nahodha wa Shimoni. Linachochewa na gesi zinazotolewa na viwanda, magari na ndege za dunia nzima, ikiwemo ndege iliyomleta mgeni huyu kutoka Ulaya. Mgeni anayejivunia kutotumia mrija wa plastiki bado amesafiri maelfu ya kilomita angani kuja kuutazama mwamba.

Kwale haiwezi kuzima injini za dunia. Inaweza, hata hivyo, kuuliza inataka utalii wa namna gani. Mgeni mmoja anayekaa siku kumi, akatembea Gazi, Wasini, Kinondo na Shimba Hills, huacha fedha vijijini kwa safari moja ya ndege. Wageni kumi wanaokaa siku moja moja huleta safari kumi na haraka kumi. Tena mwamba usiojeruhiwa kila siku kwa nanga na miguu una nafasi bora ya kupona baada ya joto kuliko mwamba uliojaa vidonda.

Safari za bara zinasaidia pia katika hesabu hiyo. Kusi inapovuma na bahari ikachafuka, boti hukaa gatini na mifuko hukauka. Wakati huo Shimba Hills bado ina palahala wake, ambao hawapatikani porini kwingine nchini Kenya, na maporomoko ya Sheldrick bado yanatiririka. Mwaluganje bado ina ndovu kwenye ardhi ambayo wakazi waliitoa kwa ajili ya uhifadhi. Wageni wakigawanywa kati ya bahari na bara, mwamba unapumzika na kijana wa Kubo anapata kazi.

Kaya ilijua zamani

Wapo wanaodhani utalii wenye adabu ni fikra iliyoletwa kutoka nje. Waende Kaya Kinondo. Misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini masharti yake ni ya kale kuliko UNESCO. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni. Huingia na mwenyeji wake, haingii peke yake. Hatoki na kitu, hata jani au kijiti. Hakuna mgeni anayeona kwamba amedhulumiwa. Wengi hutoka wakisema kwamba hilo sharti ndilo lililofanya matembezi yawe na maana.

Basi mwamba wa Kisite unaweza kupewa heshima ile ile. Mgeni aambiwe gatini kwamba anaingia mahali penye wenyewe, kwamba hatagusa, hatasimama, hatachukua. Akiambiwa kwa upole na kwa sauti moja na kila nahodha, atatii.

Kazi ya kila mmoja

Mkazi anaweza kuuliza: yote haya ni kazi ya nani? Jibu lina sehemu kadhaa. KWS husimamia hifadhi na wanyamapori. Usalama wa vyombo uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini. Mamlaka ya mazingira, NEMA, hushughulikia uchafuzi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti utalii wa maeneo yake. Mgawanyo huo ndio unaofanya malalamiko mengine yazunguke kutoka ofisi hadi ofisi. Kikundi cha usimamizi wa ufuo kinachoandika malalamiko yake kwa tarehe, saa, mahali na jina la chombo, na kupeleka nakala kwa kila ofisi husika, ni vigumu kurudishwa mikono mitupu.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 69 kinamwekea kila mtu wajibu wa kushirikiana kuyalinda. Haki na wajibu vimekaa pamoja kwa makusudi.

Zaidi ya malalamiko kuna bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufikishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katika hatua hizi sheria inataka maoni ya wananchi. Choo cha gatini, tangi la maji Wasini, ukusanyaji wa taka ufuoni au mafunzo ya vijana wanaoongoza wageni hayataingia bajetini kwa kunung'unikia kwenye baraza la kahawa. Yataingia yakiombwa kwa maandishi, kwa wakati, na watu wengi.

Mwenye hoteli naye aulizwe maswali matatu kabla ya kuaminiwa bango lake la kijani. Maji machafu ya hoteli yako yanakwenda wapi? Wafanyakazi wako wanatoka wapi? Boti unazotumia zinatia nanga wapi? Mwenye majibu atayatoa. Asiye nayo atazungumzia rangi ya bango.

Jioni: boti inarudi

Jua linapoinama, boti inarejea Shimoni. Mgeni ameungua kidogo usoni, ameshiba, na simu yake imejaa picha. Kesho atapanda ndege. Nahodha, mpishi, mvuvi na watoto wao watabaki hapa, na pomboo na mwamba watabaki nao.

Wahenga walisema tena, usiache mbachao kwa msala upitao. Mgeni ni msala upitao, na kupita kwake kuna heri. Bahari ndiyo mbachao wa Kwale. Kijana aliyeanza ubaharia mwaka huu atahitaji mwamba huo miaka thelathini ijayo, na tumbawe litakalomlisha siku hiyo ni lile linaloachwa salama asubuhi ya kesho, nahodha atakapochagua mahali pa kutia nanga.

Mgeni aje, mwenyeji apone, na mwamba nao upone.